Chanjo ya homa ya ini B kwa vijana wa Nairobi: ulizia dozi ya tatu kabla ya kulipia ya kwanza

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, yaani hepatitisi B, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ini, ni miongoni mwa bidhaa chache za afya ambazo hatuna la kuzitilia shaka. Vijana wenye afya njema wakikamilisha dozi zao, zaidi ya 95 kati ya kila 100 hupata kinga, na kinga hiyo hudumu angalau miaka 20 hadi 30 bila sindano ya kuongezea. Lakini mzazi wa Nairobi halipii chanjo peke yake. Analipia pia mtu wa kuisoma kadi ya mtoto, friji inayofanya kazi stima ikipotea, nesi anayejua mahali pa kuchoma, daftari lililojazwa, na simu ya kumkumbusha baada ya miezi 6. Chanjo ni ileile kila mahali; hayo mengine ndiyo yanayotofautiana, na ndiyo tunayoyatolea maoni hapa.

Jijini kijana huipata kwa njia tatu. Kuna hospitali na kliniki za binafsi, kuanzia zile za Westlands hadi zile za vyumba viwili ghorofani Kayole, ambazo huuza sindano moja moja. Kuna vituo vya afya vya kaunti, ambavyo humchanja mtoto mchanga bila malipo lakini mara nyingi havina chupa ya kijana wa miaka 13, kwa kuwa ratiba ya taifa imempangia kinga hii mtoto wa wiki 6, 10 na 14. Halafu kuna siku ya chanjo shuleni, pale shule au wafadhili wake wanapoleta kikosi cha manesi. Kati ya hizo tatu, sisi tunaipendelea ya shuleni, ila kwa sharti moja: iwe kwenye kalenda ya shule kila mwaka. Ile ya kuja mara moja na mabango na picha, kisha isionekane tena, haifai kulipiwa hata shilingi.

Kijitabu kwanza, sindano baadaye

Kikosi kinachomchoma kila aliye kwenye foleni bila kuuliza historia yake tunakikata alama papo hapo. Kenya iliingiza kinga ya homa ya ini B katika chanjo za watoto wachanga mwishoni mwa 2001, ndani ya ile sindano moja, iitwayo pentavalenti, inayozuia dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib, wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Gredi ya 7 aliyezaliwa Pumwani na kupelekwa kliniki mara zote tatu amekwishamaliza. Hahitaji kuanza upya wala kuongezewa. Akichomwa tena hadhuriki, ila pesa ya mzazi imepotea na dozi imetumika kwa asiyeihitaji.

Chukua kijitabu cha afya ya mama na mtoto, fungua ukurasa wa chanjo, utafute mstari wa pentavalenti. Utaona nafasi tatu, na kila moja inatakiwa iwe na tarehe. Tarehe mbili maana yake imebaki dozi moja. Mpe hiyo moja, usirudie zote. Nafasi iliyotiwa alama ya vema bila tarehe tunashauri isihesabiwe. Na kama kijitabu kimepotea, jambo la kawaida kwa familia zilizokumbwa na moto Mukuru au mafuriko ya Mathare ya 2024, rejista ya kliniki alikochanjwa huweza kuokoa jahazi. Ikikosekana, mhesabu kijana kama ambaye hajachanjwa na umwanzishie dozi ya kwanza. Neno la mzazi kwamba "alichanjwa zote" lina heshima yake, lakini halitoshi kujazwa kwenye fomu.

Wanaohitaji chanjo hii hawajatawanyika sawasawa jijini. Eastleigh na South C kuna vijana wengi waliozaliwa Somalia, na Somalia iliingiza sindano hiyo ya pamoja 2013. Sudan Kusini iliingiza 2014. Kijana aliyezaliwa kule kabla ya miaka hiyo hakuwa na namna ya kuipata kliniki ya kawaida, hata kama mama yake hakukosa siku hata moja. Ongeza waliolelewa kijijini mbali na zahanati, na walioanza chanjo wakaishia dozi ya kwanza kwa sababu mama alihama mtaa. Shule yenye wanafunzi kama hao ikisubiri kila mzazi alete kijitabu ndipo ianze, itawaacha nje walewale waliokusudiwa.

Kuna kosa moja tunaloliona la hatari kuliko linavyoonekana: kutumia chupa za pentavalenti za watoto wachanga kwa wanafunzi kwa sababu ndizo zilizopo kituoni. Sehemu ya kifaduro iliyomo humo haikusudiwi mtoto aliyefikisha miaka 7. Kijana anatakiwa apate chanjo ya homa ya ini B pekee, kwenye chupa yake. Vilevile soma jina kwenye chupa kabla haijafunguliwa. Ipo ya homa ya ini A, ipo inayochanganya A na B, na kliniki za wasafiri huweka zote rafu moja ya friji pamoja na ya homa ya manjano.

Chupa, mililita na bomba

Ratiba ya kawaida ya kijana ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa 6. Kipimo hakifanani kwa kila kampuni, na hapa ndipo hata wazoefu huteleza. Kwa chapa nyingi, dozi ya mtoto ni mikrogramu 10 katika mililita 0.5, na ya mtu mzima ni mikrogramu 20 katika mililita 1. Lakini mtoto huisha wapi? Chapa moja inamhesabu mtoto mpaka miaka 10, nyingine mpaka 15, nyingine mpaka 19. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anaweza kustahili nusu mililita ya chupa hii na mililita nzima ya chupa ile. Jibu limo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Ukimwuliza nesi kipimo akakujibu kwa kumbukumbu bila kuitazama karatasi hiyo, mwombe aitazame. Si utovu wa adabu, ni haki ya mtoto.

Matokeo yake yanafika hadi kwenye hesabu ya kuagiza. Chupa iliyoandikwa dozi 10 za watoto ina mililita 5. Ukiitumia kwa vijana wanaostahili mililita 1 kila mmoja, imetosha vijana 5, na nusu ya foleni itarudi darasani bila kuchanjwa. Bomba la sindano nalo lina hesabu yake: lile la kujifunga lenyewe la mililita 0.5, ambalo ndilo lililojaa kwenye kliniki za watoto, haliwezi kubeba mililita 1, na kwa kuwa hujifunga baada ya kusukumwa mara moja, huwezi kulivuta mara ya pili. Kikosi kikija na chupa za watu wazima na mabomba ya watoto, kitaanza kumchoma mwanafunzi mmoja mara mbili kwa mabomba mawili. Agizeni mabomba ya mililita 1 mapema.

Tuseme shule imepitia vijitabu na kupata wanafunzi 60 wanaohitaji dozi zote tatu, na kipimo chao ni mililita 0.5. Hizo ni dozi 180. Kwa chupa za dozi 10, kadiria upotevu wa asilimia 10: gawanya 180 kwa 0.9, upate dozi 200. Ila hutazitumia siku moja. Kila awamu ya watu 60 inataka dozi 67, yaani chupa 7, kwa hiyo awamu tatu ni chupa 21. Mabomba 180 ukiongeza asilimia 10 ni 198, chukua maboksi mawili ya 100. Sanduku la usalama la lita 5, la kutupia yaliyotumika, hubeba mabomba kama 100 na halijazwi kupita robo tatu, kwa hiyo moja kwa kila awamu. Chupa za dozi moja, au mabomba yaliyokwishajazwa kiwandani, hupunguza upotevu hadi asilimia 5 hivi, lakini hula nafasi kubwa ya friji na bei yake iko juu. Kwa shule yenye wahitaji wachache, watano au sita, hizo ndizo zenye maana.

Chupa ya dozi 10 iliyofunguliwa haitupwi jioni ikiwa ni ya aina iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi hayo, haijatumbukia majini, imekaa kwenye baridi yake na tarehe haijapita: inaruhusiwa hadi siku 28. Iandikwe tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu isiyofutika. Chupa iliyofunguliwa na isiyo na tarehe haina mjadala, hutupwa.

Joto linatajwa sana, barafu ndiyo inayoharibu

Wauzaji wengi hujisifu kwamba chanjo yao imekaa kwenye baridi. Swali la maana zaidi ni kama haikuganda. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na hustahimili joto la muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Barafu ndiyo haiisamehe. Inaganda karibu na nyuzi 0.5 chini ya sifuri, chembe za alumini zilizomo hushikana, na ikiyeyuka haitarudi ilivyokuwa. Kijana atachomwa sindano ya kweli, atasikia maumivu ya kweli, na asipate kinga.

Huganda wapi katika jiji lisilo na theluji? Kwenye friji ya nyumbani yenye mlango mmoja, chupa zikiegemezwa ukuta wa nyuma au kuwekwa chini ya sehemu ya barafu. Na zaidi, njiani kwenda shuleni, kwenye kasha la kubebea, pale vifurushi vya barafu vinapotolewa kwenye friza na kutumbukizwa moja kwa moja kando ya chupa. Kifurushi kinatakiwa kiachwe mezani kitoke jasho, kisha kitikiswe karibu na sikio: ukisikia maji yanacheza ndani, kiko tayari. Kikiwa kimya, bado. Ni dakika chache ambazo kikosi chenye haraka huziruka, na mzazi akitazama chupa hatajua.

Kuna alama kwenye chupa nyingi, kisanduku kidogo ndani ya duara. Kisanduku kikiwa cheupe kuliko duara, chupa inafaa. Kikifanana nalo au kuwa cheusi zaidi, itupwe. Alama hiyo husoma joto tu. Haisemi lolote kuhusu kuganda, na chupa nyingine zinazouzwa kibinafsi hazina alama kabisa. Ukishuku, kuna jaribio la kutikisa. Chukua chupa moja ya toleo lilelile, yaani iliyotengenezwa kundi moja nayo, igandishe makusudi usiku kucha, iyeyushe, kisha itikise pamoja na ile unayoishuku na uziweke mezani bega kwa bega. Tazama kwa nusu saa. Iliyogandishwa itaanza kushusha mashapo mazito chini na kuacha maji maangavu juu. Ile ya kushukiwa ikishuka kwa kasi hiyohiyo au zaidi, chupa zote za toleo hilo zilizosafiri pamoja nayo hazifai. Usijaribu kuamua kwa kuitazama chupa moja bila ya kulinganisha nayo.

Kwa kliniki, omba kuona karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Inatakiwa ijazwe mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia. Karatasi ambayo kila siku imeandikwa nyuzi 4, mwezi mzima, bila mabadiliko hata siku za stima kupotea, inatutia wasiwasi kuliko ile yenye siku moja ya nyuzi 9 na maelezo ya hatua iliyochukuliwa.

Siku yenyewe

Saa nzuri ni baada ya chai ya saa nne. Mwanafunzi aliyekuja bila kunywa chai, akasimama juani kwenye foleni huku akiwatazama wenzake wakichomwa, ndiye anayeanguka. Kuzirai kwa vijana husababishwa na woga na njaa zaidi kuliko chanjo, na akianguka mmoja mbele ya darasa, wengine hufuata, na kabla ya saa saba habari zimeshafika kwenye WhatsApp ya wazazi kuwa chanjo ina sumu. Dawa yake ni mpangilio: wanaosubiri wasiwaone wanaochomwa, kila mtu achomwe akiwa ameketi, kisha wakae dakika 15 mahali penye kivuli chini ya jicho la nesi au mwalimu aliyeelekezwa. Anayehisi kizunguzungu alazwe, miguu iinuliwe.

Sindano huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, begani. Si kwenye kalio. Mafuta ya pale hupunguza kinga, na dozi iliyochomwa kalioni hairuhusiwi kuhesabiwa. Sindano ya milimita 25, geji 23 hadi 25, inawatosha wengi wao. Msichana anayestahili chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya iliianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, anaweza kupata zote siku moja, kila moja kwenye mkono wake. Ni busara kuunganisha safari hizo. Ila tahadhari: ukiiendesha huduma hii juu ya orodha ya wasichana peke yake, wavulana wote watakuwa wamesahaulika, na virusi hivi havichagui.

Asiyepaswa kuchanjwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita au kwa hamira, na mwenye homa kali siku hiyo asubiri apone. Mafua hayazuii. Ujauzito hauzuii. Boksi la dharura liwe mezani, si ndani ya gari: adrenalini ya 1 kwa 1,000, mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5, kwenye msuli wa paja. Kikosi kisicho nalo kirudishwe langoni.

Fomu ya ridhaa ya mzazi iende nyumbani wiki mbili kabla, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikiomba nakala au picha ya ukurasa wa chanjo. Picha ya simu inatosha. Fomu isiyorudi haimaanishi mzazi amekataa. Mara nyingi imebaki mkobani. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo anaweza kupita nyumbani, na ndiye anayezijua familia kuliko ofisi ya shule.

Dozi ya tatu na kalenda ya shule

Dozi ya kwanza hupata watu wengi kwa sababu ni jambo jipya. Ya pili bado inakumbukwa. Ya tatu inakuja baada ya miezi kadhaa, na hapo ndipo huduma nyingi hufa. Kijana mwenye dozi mbili ana kinga kiasi, lakini ile ya tatu ndiyo inayoipandisha na kuifanya idumu.

Kwa shule za Kenya, wakati mwafaka wa kuanza ni wiki ya mwisho ya Januari. Ya pili iwe wiki ya kwanza ya Machi, kabla ya likizo ya Aprili. Ya tatu iwe mwanzoni mwa Septemba, muhula wa tatu ukishatulia na kabla mitihani ya Oktoba haijashika kasi. Ukianza Mei na kufuata miezi 6 kwa ukali, dozi ya mwisho itaangukia Novemba, shule zimefungwa na watoto wengine wako kwa nyanya zao Kisii au Kitui. Hata hivyo waliochelewa wasikate tamaa. Mipaka ya chini inayokubalika ni wiki 4 kati ya ya kwanza na ya pili, wiki 8 kati ya ya pili na ya tatu, na wiki 16 tangu ya kwanza hadi ya tatu. Anayeanza wiki ya kwanza ya Mei na kupata ya pili mapema Juni anaweza kuimaliza mapema Septemba kihalali.

Kuchelewa hakufuti dozi. Aliyepata mbili akapotea mwaka mzima, mpe ya tatu na umalize. Tunasisitiza kwa sababu kuna wahudumu wanaomwambia mzazi "imepita muda, tuanze upya" na kumtoza tatu mpya. Hiyo si kanuni, na mzazi ana haki ya kukataa. Chapa nayo ikibadilika katikati si tatizo katika ratiba ya dozi tatu. Aliyeanza na ya kampuni hii anaweza kumalizia na ya kampuni ile, mradi kipimo cha umri wake kifuatwe kwa ile anayopewa sasa.

Tunapendekeza Gredi ya 7 kuliko ya 9. Wa Gredi ya 7 ana miaka miwili mbele yake shuleni hapo, kwa hiyo akikosa awamu moja ataipata inayofuata. Wa Gredi ya 9 akimaliza hupelekwa shule ya juu, pengine kaunti nyingine kabisa, na rekodi yake hubaki kabatini. Kila mwanafunzi aondoke na kadi yake, yenye jina la chapa, namba ya toleo, tarehe na tarehe ya kurudi, na shule ibaki na rejista. Orodha ya waliokosa dozi ya pili iandikwe siku hiyohiyo, kabla kikosi hakijafunga masanduku, pamoja na namba ya simu ya mzazi. Ikiachwa kesho haitaandikwa.

Vipimo vinavyouzwa pamoja

Baadhi ya watoa huduma huweka kipimo cha damu kabla ya chanjo na kukitoza. Kwa kijana wa kawaida si lazima kupimwa ndipo achanjwe. Chanjo haimdhuru aliyekwishaambukizwa, ila haimsaidii. Kupima kuna maana kwa kijana ambaye mama, ndugu au mtu wa nyumbani ana virusi, kwa anayeishi na VVU, au kwa aliyetoka sehemu yenye maambukizi mengi. Kufanyike faraghani, na kuwe na kliniki iliyokwishakubali kumpokea atakayekutwa navyo. Kupima darasa zima uani na kuwatenga waliokutwa na virusi upande wao ni ukatili, na ni kinyume cha sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019, inayoihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti. Mwalimu wa darasa hana haja ya kujua.

Mpangilio wa tarehe nao una mtego. Protini iliyo kwenye chanjo ndiyo ileile inayotafutwa na kipimo cha haraka, na huweza kuonekana damuni hadi siku 18 baada ya sindano. Kijana akichanjwa Jumatatu na kupimwa wiki inayofuata, anaweza kuambiwa ana homa ya ini B ilhali hana. Pimeni kabla ya sindano, au subirini mwezi.

Kipimo cha kinga baada ya dozi ya tatu ni cha wachache: anayeishi na VVU, anayesafishwa damu kwa mashine, mwanafunzi wa uuguzi au udaktari anayeanza kugusa wagonjwa. Hufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, na kiwango cha kutosha ni uniti 10 kwa lita kwenda juu. Kliniki inayokiuza kwa kila mteja inauza wasiwasi.

Kwa nani tunaipendekeza, na wapi

Kama shule yako ina mpango wa awamu tatu wenye tarehe zilizoandikwa, mpe mwanao ruhusa. Kama haina, kliniki ya binafsi iliyo karibu na nyumbani ni bora kuliko ile ya kifahari ya mbali, kwa sababu utarudi mara tatu. Piga simu kwanza. Uliza bei ya dozi zote, si ya moja. Uliza kama ada ya kumwona daktari inatozwa kila unaporudi. Uliza jina la chapa na kipimo cha umri wa mwanao. Uliza kama watakuhifadhia dozi ya tatu au utaambiwa imeisha. Wanaojibu maswali manne bila kukasirika wanastahili pesa yako. Kemisti anayetoa chupa kwenye friji ya soda na kukuambia utafute nesi wa kuichoma hastahili, hata bei yake iwe nusu.

Hoja moja tungeiweka mbele ya kila anayetaka kuanzisha mpango huu. Mtoto mchanga akiambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yote. Kwa mtu mzima hawafiki 5 kati ya 100. Ndiyo maana dozi ya mtoto mchanga, hasa ile ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, haina mbadala. Mpango wa vijana usichukue nesi, friji wala pesa ya kliniki ya watoto wachanga. Uwe wa kuziba pengo: kwa waliopitwa, kwa wavulana na wasichana wanaokaribia umri wa kujamiiana, kuchora tatuu, kutumia wembe wa pamoja kwa kinyozi asiyesafisha vifaa, huku virusi hivi vikiweza kuishi siku 7 au zaidi juu ya kitu kilichodondokewa damu.

Madhara ya kawaida ni maumivu begani siku moja au mbili, uchovu, wakati mwingine homa ndogo. Paracetamol ikihitajika inatosha, na mkono uendelee kutumika. Uvimbe wa uso, kupumua kwa shida au mabaka mwili mzima ni dharura: hospitali mara moja, na kituo kilichochanja kijulishwe ili kijaze ripoti, kikitaja namba ya toleo iliyo kwenye kadi.